Bi Mkubwa wa Chumba cha Nyuma

Msasa hakumpenda mtu yeyote mwenye gari, na balaa lake lilikuwa kwamba riziki yake yote ilitoka kwa watu wenye magari. Alikuwa fundi wa bodi na rangi. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake zamani, kwa sababu karatasi ya msasa haikutoka mkononi mwake, na walipomzoea wakaona linamfaa hata asipokuwa kazini. Ukimsogelea, walisema, lazima uache ngozi kidogo.

Kwa miaka kumi na minane alifanya kazi kwa mtu mmoja, tajiri wa kiwanda cha magodoro, ambaye wafanyakazi walimwita Mheshimiwa akiwapo na Magodoro akishageuza mgongo. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na bohari la bati lenye sakafu iliyopakwa rangi ya kijivu, na ndani yake magari ya kale kumi na moja, safu mbili, kila moja chini ya shuka lake. Magodoro aliyakusanya magari hayo kama watu wengine wanavyokusanya kesi: hakukumbuka vizuri kila moja lilianzaje, lakini hakuwa tayari kuliachia hata moja. Aliyatembelea Jumamosi asubuhi. Alipita katikati ya safu akiwa na simu sikioni, akafunua shuka hili na lile, akagonga boneti kwa pete yake, na Msasa akasimama ukutani akihesabu kila mahali pete ilipogonga ili akapapige rangi Jumatatu.

Magari kumi aliyatunza kwa mshahara. La kumi na moja alilitunza kwa sababu hakuweza kujizuia. Lilikuwa la milango minne, rangi ya maziwa, lenye mabega ya duara na pua ndefu, na lilitoka kiwandani miaka sita kabla Msasa hajazaliwa. Aliliita Bi Mkubwa. Kila asubuhi alipoliondolea shuka aliliamkia, shikamoo, na hiyo ndiyo shikamoo pekee ya siku nzima aliyoitoa bila kukaza meno.

Hakuwahi kuliendesha nje ya geti. Ruhusa yake ilikuwa kulitoa boharini mpaka mahali pa kuoshea, hatua arobaini, na kulirudisha. Gia ya kwanza na ya kurudi nyuma alizijua kama mifuko ya suruali yake. Gia ya pili aliijua kwa kuipangusa vumbi tu. Dereva wa Magodoro, kijana mwenye miwani ya jua ambaye hakujua hata kufungua boneti, alilipeleka gari hilo harusini na mazishini, akalirudisha limepakwa matope mpaka madirishani, akatupa funguo mezani akaenda zake. Msasa alilifungulia geti likitoka na alilifungulia geti likirudi. Baba yake alifanya kazi hiyo hiyo kwenye nyumba ya mtu mwingine, miaka thelathini, akipigiwa honi kama kuku anayefukuzwa njiani, na Msasa alikulia kwenye kibanda cha pembeni mwa geti lile. Magari yote ya utoto wake aliyajua kwa nyuma.

Sasa, mafundi wana desturi yao, na bila kuijua huwezi kuelewa yaliyotokea. Kifaa kikitoka kwenye gari la mtu, fundi hakiweki kando kimyakimya. Hukifuta, hukilaza juu ya gunia, humwita mwenyewe, na humwambia kwa nini kimetoka: kimeoza, kimepinda, kimepasuka. Mwenye gari akisema kiwekwe kwenye buti, kinakwenda naye nyumbani. Akisema "tupa," kuanzia hapo ni mali ya fundi. Akitaka akiuze, akitaka akifanye kizuizi cha mlango. Hakuna karatasi. Kuna neno la mwenye gari na sababu ya fundi, na hiyo sababu ndiyo inayomtenga fundi na mwizi.

Magodoro alipenda vitu ving'ae. Bampa ya mbele ilipoanza kuwa na vidoadoa, aliagiza mpya kwenye katalogi, ya kuiga, ikaja ndani ya sanduku iking'aa kama sufuria ya dukani. Msasa akalaza ile ya zamani juu ya gunia, akaeleza. Magodoro hakuinama hata kutazama. "Tupa." Msasa akaifunga kwa kamba, akaibeba begani mpaka nyumbani, watu njiani wakimuuliza gari lenyewe limebaki wapi.

Lilikuwa linakuja. Baada ya bampa zikaja taa, vioo vyake vimechubuka kwa mchanga. Baada ya taa, viti, ngozi imepasuka kwenye mshono. Boneti, baada ya yule dereva kulibusisha geti. Milango miwili ya nyuma, imeliwa na kutu chini. Ubao wa dashibodi, umepauka kwa jua. Vyote vilitoka kwa sababu za kweli, vyote vilitupwa kwa neno moja, na vyote viliingia kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya Msasa, chumba cha mabinti zake wawili waliokwisha kuolewa. Aliinyoosha boneti kwa nyundo ya mpira, jioni baada ya jioni, mpaka ikasahau lile geti. Aliishona ngozi ya viti upya. Alivipanga kila kimoja mahali pake: taa mbele, boneti juu ya vigogo viwili, dashibodi, viti, milango kando. Halikuwa na injini wala magurudumu. Ukilitazama kutoka mlangoni, taa zikikukodolea macho, ungesema kuna gari limeingia chumbani na limekwama.

Mke wake alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Chumba kile alikihesabu kuwa chake tangu binti wa mwisho alipofunga mizigo, na badala yake akashona barazani miaka kumi, akisogeza cherehani huku na huku kufuata kivuli, na mvua ikija anafunika vitambaa kwa mwili wake. Hakulia wala hakubembeleza. Alisema tu, mbele ya yeyote aliyekuja kupimwa, kwamba yeye ameolewa uke wenza na bati. Wageni walicheka. Msasa alipita kama hakusikia, na siku hiyo hawakusemeshana mpaka usingizi.

Kilibaki kitu kimoja, usukani. Ulikuwa mwembamba, rangi ya jino la mtu mzima, na ndani yake duara jembamba la fedha la kupigia honi. Ulikuwa mzima kabisa. Msasa aliungojea miaka miwili uharibike. Aliupangusa kila asubuhi akiutazama kama mrithi anavyomtazama mgonjwa asiyekufa, na usukani ukazidi kuwa mzuri, kwa sababu alikuwa akiutunza mwenyewe. Jumamosi moja, Magodoro akiwa kwenye simu akigombana na mtu kuhusu sponji, Msasa alimwambia usukani una ufa, siku moja utamkatikia dereva mkononi. Aliusema uongo huo kwa sauti ya kawaida, akiendelea kupangusa. Magodoro alipunga mkono: agiza mwingine. Na huu? Tupa.

Jioni ile Msasa aliufunga usukani kwenye ubao wa dashibodi, akaketi kwenye kiti cha dereva katika chumba kisicho na dirisha la kutosha, akaushika. Mke wake alimkuta hapo alipokuja kumwambia chakula kinapoa. Alimtazama kidogo, akauliza wanakwenda wapi. Msasa akamwambia afunge mlango.

Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Na pengine ingebaki hivyo, kama Magodoro asingeingiwa na tamaa ya cheti.

Kulikuwa na chama cha wenye magari ya kale, na chama hicho kilikuwa na maonyesho, na maonyesho yalikuwa na daraja la juu kabisa: magari yaliyobaki na viungo vyake vya kuzaliwa. Anayeingia daraja hilo hupewa cheti chenye mhuri. Magodoro alikuwa na viwanja na ng'ombe na kiwanda, lakini mshindani wake wa biashara alikuwa na cheti kile ukutani, ofisini, juu ya kichwa chake, na kila walipokutana Magodoro alilazimika kukitazama. Akaomba mkaguzi. Chama kikamletea mama mmoja mfupi, mwenye tochi shingoni na daftari la jalada gumu, ambaye baba yake alikuwa na gereji na yeye mwenyewe alikulia chini ya magari.

Mama mkaguzi alilizunguka Bi Mkubwa mara moja tu. Aligusa bampa kwa kucha. Alifungua mlango wa nyuma, akaufunga, akasikiliza. Aliketi, akaushika usukani, akautoa mkono haraka kama mtu aliyesalimiana na mkono wenye jasho. Kisha akamwambia Magodoro kwamba hili ni gari jipya lililovaa sura ya kizee, na kwamba daraja hilo haliingii, ila kama vile viungo vya asili bado vipo duniani na vikarudishwa ndani ya wiki mbili.

Magodoro alivuka bohari kwa hatua ndefu mpaka pale Msasa alipokuwa akichanganya rangi.

"Fundi. Vitu vyangu viko wapi?"

"Vitu gani, bosi?"

"Usinichezee. Bampa, taa, viti. Vyote ulivyotoa humu."

"Uliniambia nitupe."

"Ukavitupa?"

"Nilivitupa kwangu."

Msasa alilisema hilo bila kuacha kukoroga. Alikuwa ameliandaa kwa miaka, kwa maneno mbalimbali, akiwa anapiga msasa, na sasa lilipotoka lilikuwa tamu kuliko alivyotarajia. Magodoro alimwita mwizi. Alimwita mchwa, mdudu aliyekula nyumba kutoka ndani. Alitaja polisi mara tatu. Msasa akamjibu kwamba polisi waje, na wakija wamuulize Mheshimiwa alisema nini kila Jumamosi akiwa na simu sikioni, kwa sababu nusu ya wafanyakazi wa kiwanda walisikia. Hakukuwa na haja ya kupaza sauti, na hakupaza. Miaka kumi na minane alikuwa amemchukia mtu huyu kwa kichwa kilichoinama, na akagundua kwamba kumchukia ukiwa umeinua kichwa ni raha nyingine kabisa.

Mama mkaguzi alikuja akasimama kati yao, akamwambia Magodoro, bila huruma yoyote, kwamba fundi anasema kweli. Kwenye kila gereji aliyoijua, kilichotupwa na mwenyewe ni cha fundi. Kama anavitaka, aviombe.

Ilimchukua Magodoro muda kulimeza neno hilo. Mwishowe alimuuliza Msasa anataka nini, na akaingiza mkono mfukoni.

"Utoe mkono huko," Msasa alisema. "Nataka Jumapili."

"Jumapili gani?"

"Jumapili moja kila mwezi. Mimi kwenye usukani, nje ya geti, asubuhi mpaka jioni. Na anayefungua geti awe dereva wako."

Magodoro alicheka kwa pua. "Wewe utakwenda wapi?"

"Wewe ulishawahi kuniaga?"

Yule mama aliuficha uso wake ndani ya daftari. Kisha akaandika makubaliano, kwa kuwa wote wawili, alisema, hawana sura ya kuaminiana. Atakwenda nyumbani kwa fundi Jumatano saa nne asubuhi, pamoja na Mheshimiwa. Atakikagua kila kifaa na kuandika kilitoka kwa sababu gani. Sababu zikiwa za kweli, vifaa ni vya fundi, vitarudi garini kwa bei ya Jumapili zake, naye Mheshimiwa atatia saini. Magodoro alidai kiongezwe kifungu kimoja: ikipatikana sababu moja ya uongo, moja tu, mapatano yote yanakufa, vifaa vyote vinarudi kwa mwenyewe bure, na fundi anafukuzwa. Alikidai kwa hasira tu, bila kushuku lolote. Msasa aliangalia kalamu ikikiandika kifungu kile, na utamu wote ukamtoka mdomoni.

Alimweleza mke wake Jumatano alfajiri, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumweleza. Alidhani atafurahi. Mke wake aliendelea kukunja nguo, akauliza swali moja: usukani una ufa au hauna? Msasa akaanza kutafuta viatu vyake. Mke wake alisema ndiyo maana, kwamba siku ile alipomkuta ameketi mle chumbani alikuwa na uso wa mtu aliyeiba sadaka. Akaenda kwenye droo ya cherehani, akarudi na bisibisi ndogo anayokazia sindano, akaiweka mezani mbele yake.

"Chora," alisema. "Mstari mmoja. Urefu wa kidole."

"Unajua unachosema?"

"Najua sana. Ukifukuzwa kazi nitakulisha mimi, na sitaki. Chora, wachukue uchafu wao, wewe upate Jumapili yako, mimi nipate chumba."

"Ungekuja siku moja. Tungezunguka."

"Mimi kwenye gari hilo sipandi, hata nikiwa maiti."

Msasa alichukua bisibisi akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Aliufungua usukani, akaulaza mapajani. Ni kazi ya sekunde tano, na yeye alikuwa ameshachimba, amekata na kukwangua magari ya watu kwa maisha yake yote. Alitafuta mahali upande wa chini, pasipoonekana. Akaweka ncha. Mkono ulikuwa mtulivu kabisa, ulikataa tu. Alihamisha ncha mahali pengine, mkono ukakataa tena. Alijitukana, akamtukana Magodoro, akamtukana yule mwanamke wa daftari. Alijaribu kufumba macho, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu vidole viliujua usukani vizuri kuliko macho. Alikaa hivyo mpaka aliposikia lori likisimama nje.

Alipotoka, mke wake alimuuliza kwa nyusi tu. Akamwambia amechora.

Magodoro alikuja na lori la magodoro na wabeba mizigo wawili, ishara tosha kwamba hakukusudia kuondoka mikono mitupu. Mke wa Msasa alimkaribisha barazani kwa kusogeza kiti kwa mguu, na shikamoo hakumpa. Walipofunguliwa chumba cha nyuma, Magodoro alisimama mlangoni kwa muda. Labda ni zile taa. Labda ni jinsi ile boneti ilivyopakwa rangi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukaiona kama maziwa yenyewe, si rangi ya maziwa. Kule boharini, kwake mwenyewe, hakuwahi kuliona gari lake hivi.

"Kumbe zuri," alisema polepole, kama mtu anayelalamika.

"Ulikuwa kwenye simu," Msasa alimjibu.

Mama mkaguzi aliwasha tochi akaanza. Bampa: sababu? Nikeli, ule mng'aro wa juu, kuliwa. Alitazama, akaona vidoadoa, akaandika. Taa: vioo kuchubuka. Akaandika. Alipitisha kidole kwenye mshono wa kiti akauliza ni nani aliyeshona, Msasa akasema yeye, naye akatikisa kichwa kwa heshima ambayo Msasa hakuijibu. Boneti, milango, dashibodi. Kila sababu ilisimama. Magodoro alikuwa ameegemea ukuta, na kwa kila kifaa kilichoandikwa alizidi kukunja midomo. Alianza kuuliza kwa sauti ndogo kama Jumapili yenyewe lazima iwe mpaka jioni, au saa sita ingetosha. Msasa alisema jioni. Wakabishana kuhusu nani atatia mafuta. Walikuwa wameshafika huko.

"Usukani," alisema mama mkaguzi. "Sababu?"

"Ufa."

Aliuchukua akaugeuza kwenye mwanga wa tochi. Mke wa Msasa, mlangoni, hakuonyesha wasiwasi wowote. Mama aliuzungusha polepole, juu, kisha chini, na Msasa akaiona njia ndefu, asubuhi ya Jumapili, dereva wa miwani ya jua akisukuma geti, na mkono wake mwenyewe ukiiingiza gia ya pili kwa mara ya kwanza. Aliiona waziwazi kiasi kwamba alisikia mlio wa injini ukishuka.

"Ndiyo," alisema yule mama. "Nimeuona. Huu hapa, mwembamba, unazunguka chini."

Magodoro alihema. Kazi ilikuwa imekwisha.

Mama mkaguzi alikuwa akiandika, na alipokuwa akiandika alisema kwa sauti, kama wanavyofanya watu waliozoea kuamuru kazi za wengine. Ufa wa kuzunguka. Utobolewe kila baada ya inchi moja, ujazwe gundi, upigwe msasa wote mpaka chini, upakwe rangi upya.

"Upakwe nini?" Msasa alisema.

"Rangi. Hauwezi kubaki hivi."

"Huo si ufa."

Magodoro aliinua uso. Mke wa Msasa alitoka pale mlangoni akapiga hatua moja ndani.

"Fundi," alisema mama mkaguzi, "mstari nauona kwa macho yangu."

"Ni alama ya kalibu. Ni pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana siku ulipomiminwa kiwandani. Kila usukani wa aina hii unao. Umekulia gereji gani wewe, hujui kalibu? Ukiutoboa utapasuka kweli, na rangi hii ikishatoka hakuna mtu duniani atakayeirudisha. Uweke chini. Uweke chini, nasema, usiushike hivyo."

Alikuwa ameshaunyakua kutoka mikononi mwake. Aliushika kifuani, akihema, na wote watatu wakimtazama. Ndipo alipojisikia alichosema, neno kwa neno, kama mtu anayesikiliza jirani kupitia ukutani.

"Kwa hiyo hauna ufa," alisema Magodoro.

Msasa aliupangusa usukani kwa kiganja.

"Hauna ufa sasa, na haukuwa nao siku ile."

Mke wake ndiye aliyezungumza, kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko kelele. "Uliniambia umechora."

Mama mkaguzi alifunga daftari. Alionekana kuwa na hasira, si na Msasa peke yake. Alikuwa amekosea kuhusu mshono wa kalibu mbele ya watu, na pia alikuwa amemtetea mtu huyu. Alisema sababu moja ikiwa ya uongo yeye hawezi kuapia nyingine, na kwamba baba yake kwa kosa kama hilo alimvunjia mtu sanduku la vifaa mbele ya gereji nzima. Aliyasema hayo akitazama sakafu. Kisha akatoka akaenda kusimama barabarani.

Magodoro hakucheka na hakutukana. Aliwaita wabeba mizigo. Alimwambia Msasa aje kesho saa moja asubuhi kuvifunga vifaa vyote mahali pake, kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza, na akimaliza skrubu ya mwisho aache funguo mezani na asionekane tena upande ule wa mji. Msasa alimwambia atafute fundi mwingine. Magodoro alisema vizuri, basi atampa yule dereva nyundo, ajaribu. Wakatazamana. Kila mmoja alimjua mwenzake kabisa, kama wanavyojuana watu waliochukiana kwa muda mrefu katika chumba kimoja, na Magodoro hakungoja jibu.

Wabeba mizigo walikuwa wamebeba magodoro maisha yao yote, na godoro halina pa kuumia. Walitupa. Mlango wa kwanza uligonga ubavu wa lori, Msasa akatoka barazani akapiga kelele. Wa pili waliuburuza. Mke wake alikuwa ameshaingia chumba cha nyuma na ndoo, akimwaga maji sakafuni kabla hata viti havijatoka, na mbeba mizigo mmoja alipomwomba apishe alimwambia apite juu yake kama ana haraka. Boneti ililazwa uso chini juu ya bati la lori. Msasa aliona bati, aliona mchanga uliokuwa juu ya bati, na akapanda.

Aliigeuza boneti peke yake. Alivua shati akaliweka chini ya taa. Aliuchukua usukani kutoka pale alipokuwa ameuacha kwenye ukingo wa baraza, akaketi nao kwenye kiti cha mbele cha Bi Mkubwa, kilichowekwa kikitazama nyuma, katikati ya milango na bampa. Magodoro alimwona kupitia kioo cha pembeni cha lori. Alimwambia dereva wa lori aliondoe.

Lori lilipiga honi mara mbili kwa mtu aliyekuwa njiani, likachukua kona. Msasa alikuwa kifua wazi, mikono yote miwili kwenye usukani, akiukaza kila lori liliporuka shimo ili usigongwe. Aliiona nyumba yake ikirudi nyuma, na maji machafu yakitoka mlangoni kwake yakishuka ngazi za baraza. Watu barabarani walisimama kumtazama mtu anayeendesha kinyumenyume juu ya lori. Mmoja alimuuliza kwa kelele anaelekea wapi. Msasa alimtukania mama yake, na lori likaingiza gia ya pili.